Siku ya Kwanza Guangzhou, Usinunue Kitu

Ukitaja Guangzhou pale Kariakoo, hakuna atakayekuuliza ni wapi. Utaulizwa umeleta nini. Mji huu wa kusini mwa China, mwenye wakazi zaidi ya milioni 18, kwetu umegeuka kuwa jina la mzigo: taa, vigae, vipuri, mikoba, simu. Ndiyo maana wengi wetu huuingia kwa pupa. Mtu anatua, anatupa begi hotelini, na baada ya saa mbili yuko sokoni anatoa arbuni kwa muuzaji asiyemjua, macho mazito kwa usingizi, hesabu za yuan na shilingi zikimpiga chenga.

Mwongozo huu unakuomba ufanye kinyume. Wahenga walituachia kauli kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi usijipe jembe siku ya kwanza. Hasa kama umesafiri peke yako, bila mwenyeji wa kukupokea wala rafiki wa kukukalimania, siku hiyo ina kazi moja tu: kutoka kitandani mwako asubuhi, kuuzunguka mji, na kurudi kitandani usiku kwa akili na miguu yako mwenyewe. Ukiliweza hilo, masoko hayatakushinda.

Mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Simu ndiyo nguzo ya safari, na ndiyo itakayokuangusha usipoiandaa. China imezifungia Google, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube. Wi-Fi ya hoteli haitakusaidia kuzifungua, na ile ya bure mitaani mara nyingi hudai namba ya simu ya China ili ikutumie msimbo wa kuingilia. Njia nyepesi ni kuwasha huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi, au kununua laini ya kidijitali ya wasafiri, ile inayoitwa eSIM. Laini ya namna hii hupitisha intaneti kwenye mtandao wa nje ya China, hivyo WhatsApp ya mama haikatiki. Uliza bei ya bando kabla ya kupanda ndege, kwa maana bila bando gharama yake huuma. Laini ya China nayo inapatikana kwa kuonyesha pasipoti, ila ukiiweka, programu zile zilizofungiwa zitabaki zimefungiwa.

Pakua ramani ya Amap na programu ya kutafsiri, kisha teremsha Kichina chote kwenye simu ili itafsiri hata mtandao ukikata. Usitegemee Google Maps. Hata ikifunguka, China hutumia vipimo vyake vya ramani, na alama yako inaweza kukuonyesha uko ng'ambo ya barabara, au katikati ya mto.

Malipo hayatakushangaza kama umezoea Lipa Namba au Till. Kila kibanda kina msimbo wa QR, kuanzia hoteli kubwa hadi bibi anayeuza mahindi ya kuchemsha. Jisajili Alipay au WeChat ukiwa nyumbani, weka picha ya pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, na uiambie benki yako kwamba unasafiri, wasije wakaizuia kadi kwa kudhani imeibwa. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayana makato kwenye kadi ya kigeni, na yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Dola moja ni kama yuan 7. Beba pia noti kidogo za taslimu, za 10 na 20. Sheria inamtaka muuzaji azipokee, lakini ukimpa noti ya 100 kwa kitu cha yuan 6, chenji itamtafutisha mtaa mzima.

Adapta ni jambo dogo lenye kisirani. Plagi yetu ya miguu mitatu minene, tuliyorithi kwa Waingereza, haiingii kwenye soketi za China. Huko soketi ni za miguu miwili bapa, au mitatu bapa iliyoinama. Umeme wenyewe ni wa volti 220, kwa hiyo chaja yako haitaungua. Inunue adapta kabla hujaondoka.

Mwisho, karatasi. Ndiyo, karatasi ya kawaida. Chapisha jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, kwa maandishi makubwa, pamoja na namba ya simu yake. Ikunje, itie mfukoni, isitoke. Nitakuambia baadaye kwa nini.

Kutoka uwanja wa ndege hadi kitandani

Uwanja wa ndege wa Baiyun uko kaskazini mwa mji, na treni ya chini ya ardhi, njia namba 3, inakufikisha katikati ya jiji kwa nauli isiyofika yuan 10. Metro ya Guangzhou ilianza mwaka 1997, na leo imetanda chini ya mji mzima kama mizizi ya mbuyu. Nauli huanzia yuan 2. Mashine ya tiketi ina kitufe cha Kiingereza. Gusa jina la kituo unakokwenda, lipa, na itakutemea kishikizo cha plastiki cha duara, mfano wa kete ya bao la Kizungu. Ukiingia, kiguse kwenye kizuizi. Ukitoka, kitumbukize kwenye tundu. Usikitupe njiani, maana bila hicho hutoki.

Mlangoni pa kila kituo begi lako litapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Ni jambo la kila abiria kila siku, si wewe uliyetiliwa shaka. Matangazo ndani ya treni hutolewa kwa Kichina cha taifa, kwa Kikantoni ambacho ni lugha ya wenyeji, na kwa Kiingereza. Kama ndege imetua usiku wa manane na treni zimelala, fuata foleni rasmi ya teksi. Wale wanaokuvuta mkono ukumbini wakikuita rafiki, waache na urafiki wao.

Hoteli itachukua pasipoti yako na kukusajili polisi, kwa kuwa kila mgeni lazima asajiliwe ndani ya saa 24 tangu awasili. Ukifikia nyumbani kwa ndugu au rafiki, kazi hiyo ni yenu: nendeni pamoja kituo cha polisi cha mtaa huo siku hiyohiyo. Pasipoti halisi tembea nayo, nakala haitoshi. Sheria inakutaka uwe nayo, na mitaa yenye wageni wengi ndiyo yenye ukaguzi mwingi.

Mambo mawili yatakuchanganya kabla hujalala. Kwanza, ghorofa ya kwanza ya Wachina ni ile ya chini kabisa, ya usawa wa barabara, hivyo chumba cha ghorofa ya tatu kwao ni cha ghorofa ya pili kwetu. Pili ni saa. Guangzhou wametutangulia kwa saa tano. Kwao kukiwa saa mbili asubuhi, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tisa usiku. Na tiketi zao, kama simu yako, huhesabu toka usiku wa manane, kwa hiyo ukiambiwa 08:00, ni hiyo saa mbili yetu. Wapo waliokosa treni kwa kuchanganya hesabu hizi mbili.

Saa moja asubuhi: chai inayokunywesha adabu

Utaamka mapema au hutaamka kabisa. Lazimisha mapema. Wakantoni wana desturi ya kwenda kunywa chai asubuhi, na chai hiyo ni jina tu, kama sisi tunavyosema "karibu chai" tukimaanisha meza iliyojaa. Inakuja birika, zinafuata vikapu vya mianzi vyenye mvuke: kamba waliofungwa ndani ya unga unaopenyeza mwanga, mikate myeupe iliyopikwa kwa mvuke, karatasi laini za unga wa mchele zilizoviringishwa, miguu ya kuku iliyolainika hadi mfupa. Wazee hukaa na birika moja na gazeti hadi jua linapanda.

Ukiwa peke yako utakalishwa meza moja na watu usiowajua, na hakuna anayeona ajabu. Mara yangu ya kwanza nilikaa na mzee aliyesuuza bakuli, kikombe na vijiti vyake kwa chai ya kwanza ya birika, akaimwaga kwenye bakuli la pembeni, ndipo akaanza kunywa. Nikamwiga. Kisha kwa adabu za kwetu nikammiminia yeye kwanza. Akagonga meza mara mbili kwa vidole viwili, macho hayajatoka gazetini. Nikadhani anataka niongeze. Nikaongeza. Akagonga tena. Nikaongeza, chai ikafika ukingoni, akagonga tena, safari hii akicheka. Mhudumu alikuja kuniokoa: kule kugonga ndiyo asante. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong alitembea kwa kujificha akawamiminia chai watumishi wake. Nao kwa kuwa hawakuweza kupiga magoti bila kumfichua, wakakunja vidole mezani badala ya magoti. Iwe kweli au ngano, jifunze kugonga. Na ukitaka birika lako lijazwe maji, usiite mtu. Egesha kifuniko chake upandeupande, watakuelewa.

Sukari na maziwa usivitafute, chai ile haivijui.

Kama wewe ni Mwislamu, kumbuka kabla ya kuagiza: katika nyumba hizi za chai nguruwe yuko kila mahali, hata kwenye uji na kwenye mafuta ya kukaangia. Tafuta mkahawa wenye herufi hizi mbili juu ya mlango: 清真. Maana yake ni chakula halali, na mara nyingi huandikwa kwa rangi ya kijani pamoja na Kiarabu. Mitaa mingi ina angalau duka moja dogo la tambi za mchuzi wa ng'ombe, la familia za Waislamu wa Kihui kutoka kaskazini-magharibi mwa China. Kijana hunyoosha donge la unga mikononi, hulikunja na kulinyoosha tena, hadi linakuwa nyuzi kadhaa mbele ya macho yako. Bakuli moja linakubeba hadi adhuhuri.

Barabarani: tazama kushoto kwanza

Kabla ya kuvuka barabara, simama. Kama umekulia Tanzania, Kenya au Uganda, shingo yako imezoea kugeuka kulia. China magari hupita mkono wa kulia, hivyo hatari ya kwanza inatokea kushoto. Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi hapo hawana somo. Wote, lakini, tuna somo la pikipiki za umeme: hazina mlio, hupita hata njia ya waenda kwa miguu, na hazikuonei huruma. Usirudi nyuma ghafla ukipiga picha.

Beba karatasi za chooni, kwa maana vyoo vya umma ni vingi na vya bure, ila karatasi mara nyingi hakuna. Beba chupa inayostahimili maji moto. Maji ya bomba hayanywewi, lakini maji yaliyochemshwa utayapata stesheni, hotelini na uwanja wa ndege bila malipo. Ukiketi mkahawani ukaletewa maji ya moto mchana wa jua kali, ndivyo wanavyokirimu.

Saa tatu: mbuzi watano na kaburi la mfalme

Panda njia namba 2 ushuke kituo cha Yuexiu Park. Bustani hii ndiyo mlango mzuri wa kuingilia mji, kwa kuwa haikudai chochote. Asubuhi utawakuta kina mama wa makamo wakicheza kwa safu, spika moja ikitosha watu arobaini. Wazee nao wanapiga teke kijinyoya chenye kitako kisianguke, na mmoja wao huenda akakurushia wewe. Kipige. Ukikosa watacheka, nawe utakuwa umeshapata jamaa wa kwanza.

Panda kilimani hadi kwenye sanamu ya mawe ya mbuzi watano, iliyojengwa mwaka 1960. Ngano ya mji inasema zamani za njaa walishuka watukufu watano, kila mmoja amepanda mnyama mwenye suke la nafaka mdomoni, wakaubariki mji usione njaa tena, wakatoweka, na wanyama wakageuka mawe. Kichina kina neno moja kwa mbuzi na kondoo, kwa hiyo tafsiri nyingi huuita Guangzhou mji wa kondoo. Wewe mtoto wa nchi ya wafugaji tazama pembe na ndevu zile, kisha amua mwenyewe.

Si mbali na hapo kuna mnara mwekundu wa Zhenhai, wa ghorofa tano, uliojengwa mwaka 1380, ambao sasa una makumbusho ya mji.

Kisha teremka upande wa barabara ya Jiefang, kwenye makumbusho ya mfalme wa Nanyue, dola ya kale ya kusini. Hii usiikose. Mwaka 1983 mafundi waliokuwa wakisawazisha kilima ili wajenge walikuta kaburi la mfalme Zhao Mo, aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo, amevikwa vazi la vipande vya jade vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri. Lakini wewe nenda utafute vitu viwili visivyong'aa: pembe za ndovu na ubani. Wataalamu wa makumbusho wanasema pembe zile ni za tembo wa Afrika, na ubani uliletwa kwa njia ya bahari. Simama pale kidogo. Zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, kabla ya sisi kuja huku kufuata vitenge na vigae, bidhaa za upande wetu wa bahari zilishafika, tena zikawekwa kaburini mwa mfalme. Mji huu haukukujua jana.

Makumbusho mengi ya China hufungwa Jumatatu, na mengine hutaka ujiandikishe kwa pasipoti kabla ya kuingia. Mwombe mtu wa mapokezi hotelini akuangalizie usiku uliotangulia.

Adhuhuri: kaburi la sahaba na chakula cha Xiaobei

Jirani na bustani ya Yuexiu uko msikiti wa Xianxian. Ndani ya ua wake wenye miti kuna kaburi ambalo Waislamu wa China kwa karne nyingi wamelizuru kama la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wapo wanahistoria wasiolikubali hilo, wakisema sahaba huyo alizikwa Madina. Ijumaa utakuta umati wa Wahui, Wauighuri, Waarabu, Wapakistani na Waafrika, na nje ya lango biashara ya mishikaki na mikate. Vaa nguo za kusitiri. Msikiti mwingine mkongwe, Huaisheng, una mnara wa mita 36 ambao zamani uliwaongoza mabaharia. Uko mtaa unaoitwa Guangta, yaani mnara wa nuru, karibu na kituo cha Ximenkou.

Kutoka Yuexiu unaweza kwenda Xiaobei kwa miguu. Hapa ndipo watu wetu walipo. Mabango yana Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, mawakala wa kontena wamepangana, vinyozi wanaozijua nywele zetu wapo, na karibu na jengo la Tianxiu usishtuke ukisikia mtu akinung'unika bei kwa Kiswahili. Waafrika wamepungua kuliko miaka ya nyuma. Mwaka 2020, wakati wa korona, wengi walitolewa katika nyumba na hoteli walizokuwa wakiishi, na kidonda hicho wenye kukaa huku hawajakisahau. Wasikilize wakikusimulia.

Kula hapa. Mikahawa ya Wauighuri ina mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili, na mkate wa tanuri utakaokukumbusha mkate wa mofa. Agiza kwa kidole kwenye picha, hakuna aibu.

Kwa kuwa hapa ndipo bei zinapoanza kutajwa, jifunze vidole vyao. Wachina huhesabu hadi 10 kwa mkono mmoja. Hadi 5 ni kama sisi. Sita ni gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vingine vimekunjwa, kama mtu anayejifanya anaongea na simu. Nane ni gumba na cha shahada vimeachana, mfano wa bastola. Hiyo nane ndiyo inayotuponza: nilimwonyesha muuza machungwa yuan 2 kwa vidole hivyo viwili, akafurahi kuliko nilivyotarajia.

Na kwenye mizani, bei iliyoandikwa aghalabu si ya kilo. Ni ya jin, ambayo ni nusu kilo. Tunda moja au mawili nunua, chakula hakivunji sharti letu. Lakini akija kijana akikunong'oneza mikoba, saa, au kuchenji dola kwa bei nzuri kuliko ya benki, tabasamu na uendelee na safari. Noti bandia humsubiri mgeni mwenye haraka.

Alasiri: pumzika, au nenda Shamian

Saa tisa alasiri mwili utakuambia ukweli, kwa sababu umeuamsha saa zake za usiku. Kama kichwa kinauma, rudi ukalale saa moja, usizidishe. Kama bado una nguvu, nenda kisiwa cha Shamian: kituo cha Huangsha, njia namba 1 au 6, kisha uvuke kwa miguu.

Shamian kilikuwa fungu la mchanga. Kati ya mwaka 1757 na 1842 Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China iliyoruhusiwa kufanya biashara na Wazungu, nao wakabanwa kwenye maghala ya ukingoni mwa mto wasiingie mjini. Baada ya vita vya kasumba, Waingereza na Wafaransa wakajitwalia kisiwa hiki, wakajenga benki, makanisa na nyumba za mabalozi wadogo. Leo ni mahali pa maharusi kupigwa picha chini ya miti yenye mizizi inayoning'inia. Hakuna duka la kukusumbua. Keti kwenye benchi, utazame mto wa Lulu na majahazi ya mizigo. Hapa ndipo msafiri wa peke yake anapoweza kuhisi upweke kwa mara ya kwanza. Usiikimbilie simu mara moja. Uache upite, kisha ndipo uwapigie wa nyumbani. Wakati huo kwao bado ni asubuhi.

Utatazamwa. Wengine watakuomba picha, wengine watakupiga bila kuomba. Ukitaka, kubali. Usipotaka, punga mkono kukataa bila kufoka. Neno moja la Kikantoni litakufungulia nyuso nyingi: "m-goi", yaani asante au tafadhali, lisemwe kwa kubana midomo mwanzoni. Wachina wengi wageni wa mji wenyewe hawalitamki vizuri, hivyo wewe utasamehewa.

Jioni: kiuno cha nyigu

Kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja jioni usishuke chini ya ardhi kama unaweza kuepuka, hasa njia namba 3. Aliyezoea mabasi ya mwendokasi ya Kimara saa za kazi atajua ninachosema, ila hapa umati ni mara kadhaa ya ule. Kula kwanza, kisha nenda kituo cha Zhujiang New Town, utokee uwanja wa Huacheng.

Mbele yako, ng'ambo ya mto, utasimama mnara wa Canton, mita 600, uliofunguliwa mwaka 2010, mwaka ambao mji uliandaa Michezo ya Asia. Umebanwa katikati, na wenyeji wameupa jina la mwanamke mwembamba wa kiuno. Sisi tungesema kiuno cha nyigu, na tusingekosea. Taa zake hubadilika rangi usiku mbele ya familia zilizotoka kupunga upepo. Kupanda juu kuna tiketi ghali. Leo usipande. Mnara ni mzuri ukiwa mbali nao, na uwanja wa Huacheng ni bure.

Mtihani: kurudi

Sasa ndiyo mtihani wenyewe. Metro hufunga karibu saa tano usiku, kwa hiyo saa nne uwe njiani. Kila kituo kina milango mingi yenye herufi A, B, C, D, na mlango mmoja unaweza kuwa mbali na mwenzake kwa dakika kumi, barabara ya njia nane ikiwa katikati. Kujua jina la kituo hakutoshi. Jua na herufi ya mlango wako.

Mimi sikuijua. Nilitokea mlango usio wangu, simu ikiwa na asilimia 2, nikafungua ramani, ikazimika mkononi. Maduka mengi ya China hukodisha betri za kuchajia simu, lakini ili uikodi unahitaji simu ya kuskani. Hapo ndipo nilipokumbuka karatasi. Nilimpa mama aliyekuwa akifunga kibanda cha matunda. Aliisogeza karibu na taa, akaisoma kwa sauti, akanishika kiwiko akanigeuza, akanionyesha kwa mkono: moja kwa moja, kisha kushoto. Hakujua neno moja la lugha yangu. Niligonga vidole viwili juu ya meza yake ya matunda, akacheka hadi akaziba mdomo.

Likikupata kubwa zaidi, polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119.

Ukifika chumbani, kabla ya kuzima taa, geuza karatasi yako uandike nyuma yake vitu vitatu: kituo chako na herufi ya mlango wake, mkahawa uliokula ukashiba salama, na bei ya kitu kimoja ulichokiona mara tatu sehemu tatu tofauti bila kukinunua. Manunuzi ya siku ya kwanza ni hayo. Jembe litakusubiri.